Malalamiko kuhusu kuponi za kuonja vyakula zilizokataliwa kwenye tamasha la chakula jijini Mwanza

Mkazi wa Nyegezi,
Mwanza.

Meneja,
Kampuni iliyoandaa tamasha la chakula la mwaka,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA KUPONI 37 NA KULIPWA KWA MAMA LISHE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimehudhuria tamasha lenu kwa miaka minne mfululizo. Mwaka huu, siku ya Jumamosi, nilifika uwanjani saa sita mchana pamoja na mke wangu na mdogo wake, shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga na ambaye alikuwa hajawahi kula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwa kuwa tangazo lenu lilieleza kwamba mgeni angeonja vyakula vya Kanda ya Ziwa kwa kuponi moja kwa kila kionjo, nilinunua kuponi 60 kwa shilingi 60,000, nikalipa kwa simu pale langoni, na ujumbe wa muamala ninao hadi leo. Nilipoomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, niliambiwa mashine haina mtandao.

Hadi saa tisa alasiri tulikuwa tumetumia kuponi 23. Kuanzia wakati huo kila meza tuliyoifikia ilizikataa, na waliotueleza sababu ni mama lishe wenyewe, kwa unyenyekevu na kwa aibu ambayo haikuwa yao. Walisema kuponi walizokusanya Ijumaa walikuwa hawajalipwa, kwamba mngewalipa baada ya tamasha kwisha, tena kwa kukata shilingi 300 katika kila kuponi ya shilingi 1,000. Mfanyabiashara anayekwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri kununua sato hulipa taslimu. Mkaa hulipiwa taslimu, mafuta na ndimu vivyo hivyo. Mama aliyeingia na mtaji wa siku moja hawezi kupika siku ya pili kwa karatasi zenye nembo ya kampuni yenu.

Naomba nieleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu linahusu afya za watu. Kwenye meza ya sato wa kuchoma palikuwa na sinia la vipande vilivyokatwa tangu asubuhi, na juu yake lilibandikwa sharti lenu kwamba vionjo vyote vikatwe na kupangwa mezani kabla ya wageni kuingia. Ngozi ya samaki ilikuwa imekauka na kujikunja pembeni, na binti mmoja alikuwa akipunga kipande cha boksi kufukuza nzi. Niliponyoosha mkono kuchukua kipande, mama mwenye meza alinizuia. Alisema, “Hapana baba, hicho nimekiweka kwa sababu ya masharti yao. Mgeni wako simlishi hicho.” Kisha akageukia jiko, akamtoa sato mzima juu ya waya, ngozi bado inachuruzika mafuta, akampasua mgongoni kwa kisu kifupi, akamkamulia ndimu, akaweka pilipili ya kusaga na kachumbari pembeni. Shemeji yangu alikula akanyamaza, akaomba tena. Nililipa taslimu, na nililipa kwa moyo mmoja, lakini nililipia mara ya pili kitu ambacho nilikwisha kuwalipa ninyi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na kwamba kinachosubiri kuliwa kidumishwe katika nyuzi joto zaidi ya 60. Sharti lenu liliwalazimisha wapishi kufanya kinyume. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeugua katika familia yangu, lakini ni kwa sababu mama yule alikubali kupata hasara ya sinia zima kuliko kumlisha mtu asiyemjua samaki aliyelala juani.

Michembe tuliipata kwa shida. Meza za mbele, upande wa lango, zilikuwa za chipsi, soseji na vinywaji vya chupa, vitu ambavyo shemeji angevipata Tanga bila kupanda basi. Mama wa Kisukuma aliyekuwa na michembe na matobolwa mlimweka nyuma kabisa, kati ya jenereta na vyoo, mahali ambapo ilimbidi apaze sauti kumweleza mgeni kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Nilisikitika sana kuona chakula kilichotulea wengi wetu kikiwekwa mahali ambapo mtu hufika akitafuta choo. Maji ya kunawa nayo yalikuwa ndoo mbili zenye koki kwa uwanja mzima, ilhali samaki huliwa kwa mkono.

Saa kumi na moja jioni nilirudi kwenye dawati lenu na kuponi 37. Kijana aliyekuwa pale alinijibu kwamba kuponi hazirejeshewi fedha. Sharti hilo halikuwamo kwenye tangazo, halikubandikwa langoni, na nyuma ya kuponi hakuna kilichochapishwa isipokuwa namba. Simlaumu kijana huyo, kwani ilionekana wazi kwamba hakupewa jibu lingine la kutoa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, nirejeshewe shilingi 37,000 kupitia namba ile ile ya simu niliyolipia. Fedha nilizolipa taslimu mezani sizidai, kwa sababu chakula chake tulikula na kilikuwa kizuri. Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kunyamaza, mama lishe wote walipwe kuponi zao za siku zote za tamasha, na nijulishwe kwa maandishi kwamba wamelipwa. Kuhusu makato ya shilingi 300, ninaamini ni makubwa mno kwa mtu anayeuza kionjo cha shilingi 1,000, na nawasihi myatazame upya kabla ya kuwaita tena mwakani.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 14. Nisipoyapata, nitawasilisha nakala ya barua hii, kuponi 37 na ujumbe wa muamala kwa Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji. Suala la risiti nitalipeleka Mamlaka ya Mapato.

Nakala za kuponi zote, mbele na nyuma, nimeziambatanisha.

Wenu katika kufuatilia suala hili,

Mteja wenu, Nyegezi