Soka ya wasichana haikuchelewa, ilicheleweshwa

Ndugu Mhariri,

Kila nikiuliza kwa nini timu ya wasichana haina mwalimu wala ratiba, jibu ni lile lile: wasichana hawapendi mpira. Ninafundisha soka ya watoto jioni, na jibu hilo nimelikataa.

Wiki iliyopita wavulana walianza mazoezi saa kumi. Wasichana kumi na wawili walikaa ukingoni wakisubiri, wakipasiana mpira mmoja uliopungua upepo. Walipoachiwa uwanja, giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Golikipa wao alivaa glovu za kaka yake zilizompwaya, akazikaza kwa kamba za viatu. Akadaka penalti mbili kwenye giza lile. Huyo ndiye asiyependa mpira?

Tarehe 26 Desemba 1920, jijini Liverpool, timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Desemba iliyofuata chama cha soka cha England kikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Brazil nako, nchi inayotajwa kila soka inapotajwa, serikali iliwazuia kwa amri tangu 1941 hadi 1979. Mashabiki walikuwapo na wachezaji walikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Si soka peke yake. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800, na baadhi yao walipoonekana wamechoka mwishoni, ikasemwa miili yao haiwezi. Mbio hizo zikaondolewa hadi 1960. Mwanamume akilala chini baada ya kumaliza mbio tunamsifu kwamba amejitoa. Na ndondi? Wanawake waliingia ulingoni kwenye Olimpiki mwaka 2012.

Linaloniuma zaidi ni wale tunaowapoteza kimya kimya. Msichana akivunja ungo anaanza kukosa mazoezi, mara moja, mara mbili, kisha haonekani tena. Nguvu anazo. Ila hana pa kubadilishia nguo, watu wazima wanaisemasema kaptura yake, na nyumbani anaambiwa sasa amekuwa mkubwa aache michezo ya kiume. Kaka yake akifika umri huo huo ananunuliwa viatu vipya.

Wazazi wenzangu, tuacheni kuwatisha mabinti kwamba misuli itawaharibu. Na walimu wa michezo, nawaomba mgawe uwanja kwa zamu: wiki hii wavulana waanze saa kumi, wiki ijayo waanze wasichana, mpira ukiwa bado unaonekana. Yule golikipa naye apatiwe glovu zinazomtosha.

Mzazi na mwalimu wa soka ya watoto