Sio bomba na nati sita tu: kwa nini baa ya chesisi tunachaji vile

Wiki iliyopita kaka mmoja mwenye Impreza alinitumia voice note ndefu, kalalamika kwamba tumempiga. Baa tuliyomfungia mwezi wa nne, yaani lile bomba la chuma linalounganisha vichwa vya shokapu mbili chini ya boneti, imeanza kulia akikanyaga tuta, na hapohapo akarudia lile neno ninalolisikia kila mwezi: "Bosi, hiki ni kibomba na nati sita, tatu huku tatu huku, laki na ishirini ya ufundi ya nini?" Nimemjibu mwenyewe, ila naandika na hapa maana mnaouliza ni wengi.

Baa inafanya nini kwanza. Subaru Impreza ya bodi ya GD (toleo la pili), mbele na nyuma shokapu ndiyo inayosimamisha mguu wa tairi, na kichwa chake kimefungwa kwenye bodi, kwa mbele ni pale chini ya boneti. Ukiingia kona na spidi sehemu ya mzigo wa pembeni inaenda kusukuma kile kichwa, bati linajipinda kidogo sana, kwa macho huoni, ila kwenye usukani unasikia gari inachelewa kukuitikia, unaongeza usukani, halafu inakuja yote kwa mpigo. Baa inashikanisha vichwa viwili visiachane. Basi. Haifufui shokapu iliyokufa wala haifanyi tairi kipara lishike lami.

Wenye Altezza najua mtanuna, lakini gari yenu ina mikono miwili ya chuma, juu na chini, kila tairi, mzigo wa kona unabebwa na mikono, shokapu haisukumwi pembeni kama kwenye Subaru. Baa ya juu kwenu faida yake ni ndogo. Mtu akija na Altezza namwambia hivyo kabla hajatoa hela, na wengine wanaenda kufungiwa kwingine, sawa tu.

Sasa shotikati. Kuna jamaa mwingine alichongesha baa kwa fundi wa mageti, elfu arobaini na tano, bomba jeusi na vibati viwili. Gari yake turbo, intakula (kile kipoza hewa ya turbo) imekaa juu ya injini, kwa hiyo bomba likapandishwa mpaka likagusa boneti, kila tuta linagonga, boneti ikatoka kinundu kwa juu kama mtu kaisukuma na kidole gumba. Vibati havikulala sawa, wakajaza washa, vile vipete vya chini ya nati. Matundu hayakulingana kwa sababu gari ilikuwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia, wakatanua kwa grenda. Halafu nati wakazikaza na spana ndefu kama wanafunga tairi. Jamani ile nati ni ndogo, spana namba 12, kaza yake kwa spana ya kupima ni 20 Nm tu, wakati nati ya tairi inaenda kwenye 100. Stadi, ile bolti inayoshika nati, ikakatika. Na stadi ile haiuzwi peke yake, imeshindiliwa kwenye mauntingi, kile kikalio cha juu cha shokapu, kwa hiyo shusha shokapu, bana springi, weka mauntingi mpya, rudi alaimenti. Alimaliza laki tatu na nusu, na baa ikaenda kwa wanunua chuma chakavu.

Sisi gari inasimama kwenye sakafu tambarare kwa tairi zake nne, tunaitikisa ikae. Ukifungua zile nati tatu gari ikiwa juu, shokapu inashuka, kwa hiyo hilo halina mjadala. Tunakwangua vumbi na uchafu pale kibati kinapokaa mpaka bati lionekane, tunakaza kwa mkono pande zote, ndipo spana ya kupima kaza, halafu kila nati tunaichora mstari mweupe unaoshuka mpaka kwenye kibati. Lakini kabla ya yote hayo gari imeshapita kwenye shimo la ukaguzi, tumekagua bushi, boljointi na shokapu, na huko ndiko saa nzima inakoishia. Kuna mzee alikuja anataka baa mbele na nyuma, anasema gari inamyumbisha akishuka mlima Kitonga akitoka kwao Iringa. Tukakuta bushi za nyuma, zile raba za maungio, zimechanika, ukiweka mtaimbo mkono wa tairi unacheza wote. Tukabadilisha bushi, tukapiga alaimenti, baa hakununua mpaka leo na gari imetulia. Ningemfungia baa siku ile ningekuwa nimemwibia kweli.

Kama tukikagua tukakuta kitu kimekufa, unalipa elfu thelathini ya ukaguzi na hatufungi baa mpaka kirekebishwe. Hapo sibadiliki hata uje na rafiki yangu.

Kaka wa voice note alileta gari Jumamosi. Nilifungua boneti mbele yake nikamwonyesha ile mistari: nati nne kati ya sita mstari umekatika, nusu iko kwenye nati inaangalia redieta, nusu imebaki kwenye kibati. Akakumbuka kwamba alibadilisha gasketi sehemu nyingine na baa walitoa wakarudisha. Nati mbili zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Tukazilegeza zote, tukakaza upya, tukachora upya, tukazunguka naye kwenye matuta matatu ya mtaani, kimya. Hakulipa kitu. Yeyote tuliyemfungia baa, akitoa intakula au akifungua injini popote, apite hapa na gari ikiwa imepoa, ni dakika kumi na tano na hatuchaji.