Mti Upimwe Palepale

Mhariri,

Kijana anayetaka kusomea miti ya misitu amfuatilie Peter Ashton, mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyeanza kazi Brunei, kisiwani Borneo, mwaka 1957, akaendelea Sarawak, jimbo la Malaysia kisiwani humo, na mwaka 2007 akapewa Tuzo ya Japani, heshima kubwa ya sayansi. Katika msitu wa Pasoh, pia Malaysia, yeye na wenzake walihesabu kila mti katika hekta 50, hata wenye kipenyo cha sentimita 1 tu.

Unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kama mizizi mipana imepanda shinani, pima juu yake kisha paka rangi hapo. Bila alama, mpimaji wa miaka 5 baadaye hupandisha utepe wa kupimia hadi penye shina jembamba zaidi, na mti ulionenepa huonekana umesinyaa. Kosa hilo halirekebishiki ofisini! Mimea inayotambaa nayo isibanwe chini ya utepe.