Kufuta draiva si dawa ya sauti inayohamahama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipinge ushauri ambao umeshakuwa wimbo: kompyuta ikihamisha sauti yenyewe kutoka kwenye spika kwenda kwenye skrini au hedifoni, eti futa draiva ya sauti (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa cha sauti) uipakie upya, na ikigoma piga Windows upya. Mtu anapoteza nusu siku, halafu kebo ikichomekwa tena sauti inahama kama kawaida.

Draiva haina kosa hapo. Kompyuta inafuata kanuni ya waliotengeneza mfumo wake: kifaa cha sauti kikiingia kwa mara ya kwanza, hudhaniwa kwamba mwenye kompyuta amekichomeka ili akitumie, hivyo mara nyingi hufanywa kifaa cha msingi, yaani kile ambacho sauti zote hupelekwa kwake, papo hapo. Kwa anayechomeka hedifoni, dhana hiyo inamfaa. Inaudhi kwa vifaa ambavyo hakuna aliyeviomba vitoe sauti. Ukifuta draiva, mara nyingi unafuta pia kumbukumbu ya kile ulichokuwa umechagua, na vifaa vyote vinatambuliwa upya kana kwamba ni vigeni.

Mkorofi mkubwa ni skrini. Kebo za HDMI na DisplayPort hubeba picha na sauti kwa pamoja. Skrini nyingi hazina spika, zina tundu la hedifoni tu kwa nyuma, lakini zinaitangazia kompyuta kwamba zinapokea sauti. Sauti ikienda huko inapotea, na mtu anadhani spika zimekufa. Kuna jingine: skrini ya DisplayPort ikilala, kompyuta inaweza kuona kama kebo imechomolewa, na ikiamka ikaona kifaa kimerudi. Ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba sauti huhama wakirudi kutoka mapumziko, ingawa hawakugusa kitu.

Kwa Windows, dawa ni kumwondoa mshindani kwenye kinyang'anyiro. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha la zamani la sauti litafunguka kwenye kichupo cha "Playback". Tafuta kila kifaa usichokitumia, hasa chenye jina la skrini yako au maneno kama "NVIDIA High Definition Audio" au "AMD High Definition Audio", bofya kulia, chagua "Disable". Usiende kwenye Device Manager kuchagua "Uninstall", maana kilichofutwa hurudi kompyuta ikiwashwa upya, ila kilichozimwa kwa "Disable" hubaki kimezimwa. Siku ukikihitaji, bofya kulia mahali patupu kwenye orodha hiyo, weka tiki kwenye "Show Disabled Devices", na kitaonekana. Wenye Windows 11 wanaweza pia kupitia Settings, System, Sound, wakabofya jina la kifaa na kuchagua "Don't allow". Fanya hivyohivyo kwenye kichupo cha "Recording", kwa sababu kamera ya USB huja na maikrofoni yake, nayo hupenda kujipa kazi.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wengi hulipita. Windows ina nafasi mbili za msingi, si moja: ya sauti za kawaida na ya mawasiliano. Kwenye orodha ya "Playback", ya kwanza ina alama ya tiki ya kijani na ya pili ina alama ya simu. Ukiona muziki unatoka kwenye spika lakini sauti za mkutano zinatoka kwingine, nafasi hizo zimegawanywa kwa vifaa viwili. Bofya kulia kifaa unachokitaka, chagua "Set as Default Device", kisha rudia na uchague "Set as Default Communication Device", mpaka alama moja ya tiki ibaki peke yake. Ukiwa hapohapo, fungua kichupo cha "Communications" uweke "Do nothing". Usipofanya hivyo, Windows hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 kila simu inapoingia, na hilo nalo huripotiwa kama sauti iliyohama.

Hedseti za USB zina ukorofi wao. Nyingi za bei nafuu hazina namba ya utambulisho ndani yake, kwa hiyo Windows huzitambua kwa tundu zilipochomekwa. Hamisha hedseti ileile kwenye tundu jingine, nayo inaandikishwa kama kifaa kipya, labda kwa jina lenye "2-" mbele, na mipangilio yako yote haihusiki nayo tena. Chagua tundu moja, liwekee alama, basi. Anayetumia habu ya USB naye asiibadilishe tundu.

Kwa Bluetooth, hedifoni moja hufanya kazi kwa njia mbili: ya muziki, ambayo ni stirio na safi, na ya simu, ambayo inafungua maikrofoni lakini inashusha sauti hadi mkondo mmoja wa kilohezi 8 au 16. Programu ya mikutano ikiomba maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya simu na muziki unasikika kama unatoka ndani ya pipa. Kwenye Windows 10 njia hizo huonekana kama vifaa viwili tofauti, kimoja kikiwa na neno "Hands-Free". Wapo wanaozima huduma hiyo moja kwa moja, na inafaa, ila hedifoni inabaki bila maikrofoni. Bora zaidi ni kuingia kwenye mipangilio ya programu ya mikutano na kuchagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, huku hedifoni ikibaki ya kusikilizia tu.

Hapo kwenye programu ya mikutano, taja kifaa kwa jina lake, usiache "Default" wala "Same as System". Kwa programu zisizo na chaguo hilo, matoleo ya Windows 10 ya tangu 2018 na Windows 11 yana ukurasa wa kuipangia kila programu kifaa chake. Kwenye Windows 11 unaitwa "Volume mixer".

Mac haina kitu kinacholingana na "Disable". Wenye AirPods wafungue mipangilio ya Bluetooth hedifoni zikiwa zimeunganishwa, na kwenye "Connect to This Mac" wachague "When Last Connected to This Mac", ili zisirukie kompyuta zenyewe. Kwenye Linux kazi ni nyepesi. Fungua pavucontrol, programu ya kupangia sauti, kichupo cha "Configuration", na wasifu wa kadi ya HDMI uweke "Off". Ikiwa mfumo wako bado unatumia PulseAudio, programu inayosimamia sauti, angalia pia faili la /etc/pulse/default.pa, mstari unaoanza na load-module module-switch-on-connect (ndio unaohamishia sauti kwenye kifaa kipya) uwekee alama ya # mwanzoni, kisha uendeshe amri ya pulseaudio -k.

Kwa watengenezaji wa mifumo nina ombi moja: wekeni swichi inayosema kifaa kipya kisichukue nafasi bila kuulizwa. Simu za mkononi huuliza ruhusa ya maikrofoni kwa kila programu. Kuuliza swali moja skrini inapochomekwa hakuwezi kuwa kazi ngumu.

Mpaka swichi hiyo ije, wanaosasisha draiva za kadi ya picha wakae macho, kwa kuwa usakinishaji mpya huweza kurudisha sauti ya HDMI iliyokuwa imezimwa. Kwa NVIDIA, chagua usakinishaji wa "Custom" na uondoe tiki kwenye "HD Audio Driver", halafu fungua mmsys.cpl uhakikishe tiki ya kijani iko pale ulipoiacha.

Fundi wa kompyuta