Jumamosi ya vitabu vya picha, someni mpaka mwisho jamani

Wazazi wangu habari za jioni, Jumamosi tunakutana saa nne asubuhi palepale Kirumba, Mwanza, mje na mkeka maana viti havitoshi, wanaovuka na kivuko toka Kamanga wawahi. Kila familia ilete kitabu kimoja cha hadithi chenye picha, kikiwa kimechanika sio ishu, tutabandika kwa soltepu hapohapo.

Kuna mama kaniuliza inboksi, hizo picha si zinamfanya mtoto asijifunze kusoma? Hapana dada angu. Hata wale ndugu wawili wa Ujerumani, kina Grimm, mwaka 1812 walitoa hadithi zao bila picha, tena zikiwa na maelezo kibao ya kisomi, ila 1825 wakatoa toleo dogo la hadithi 50 lina picha alizochora mdogo wao Ludwig, hilo sasa ndo likapendwa majumbani. Mtoto wa miaka minne anasoma picha kwanza, muulize huyu fisi anaenda wapi, mwache aongee hata akikosea usimkatishe, na ukurasa afunue mwenyewe, pliz.

Halafu bibi zetu msiwaache nyumbani! Yule bibi wa Ukerewe alivyotusimulia ya sungura na fisi watoto mpaka leo wanaigiza, nilifurahi sana. Safari hii akisema paukwa watoto wanachora, tunashona kurasa tunapata kitabu chetu wenyewe. Penseli za rangi ninazo, karatasi ndo hazitoshi, mwenye nazo aseme humu kabla ya Ijumaa.