Malalamiko: mbao za balsa zilizobandikwa "nyepesi" bila kupimwa

Tabora,
22 Septemba.

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MBAO ZA BALSA ZISIZOLINGANA NA ODA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tabora, na jioni nafundisha vijana 14 kuunda ndege za modeli. Mwezi Agosti niliagiza kwenu mbao kumi za balsa zenye unene wa milimita 3 na sita za milimita 1.5, zote nyepesi, kwa ajili ya mikia ya glaida zetu, yaani ndege zisizo na injini. Nililipa shilingi 186,000 pamoja na usafiri wa basi. Ni michango ya wazazi, na wengine walilipa kwa awamu mbili.

Mzigo ulifika umefungwa vizuri, kwa hilo nashukuru. Kila ubao ulikuwa na karatasi imeandikwa NYEPESI. Tuliiamini karatasi, tukakata.

Mchoro wetu unataka mbao za mkia mzima zisizidi gramu 12. Mkia wa kwanza ulipokamilika ulikuwa na gramu 24. Binti wa kidato cha pili aliyeujenga alidhani amekosea, akarudia kupiga msasa mpaka fito zikaanza kupoteza umbo. Nilimzuia, nikachukua mbao zilizobaki nikaenda nazo kwa sonara sokoni. Ubao wa milimita 3, wenye upana wa sentimita 10 na urefu wa mita moja, ukiwa mwepesi huwa na gramu 30 au pungufu. Wa kwanza ulisoma 58. Wa pili 61. Wa tatu 64. Sonara mwenyewe aliniuliza kama nina hakika ni mti wa aina moja.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa mauzo alinijibu kwamba "balsa yote ni nyepesi, mwalimu". Si kweli, na anayeuza balsa anapaswa kulijua hilo. Zipo mbao zenye chini ya kilo 100 kwa mita ya ujazo na zipo zinazopita 200, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Dawa yake ni mizani.

Labda gramu 12 za ziada zinaonekana kitu kidogo. Katika glaida yetu, kutoka kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha, hadi mkiani ni sentimita 75, na hadi puani ni 25. Kwa hiyo kila gramu inayozidi mkiani inadai gramu tatu za madini ya risasi puani ili ndege isawazike. Gramu 12 zikazaa 36, jumla 48, kwenye ndege iliyotakiwa kuwa na gramu 400. Ndege hiyo haielei tena, inashuka.

Na uzito huo haukutuongezea uimara tulioukosa. Mkia hupata nguvu kwa mpangilio: fito nyembamba za mshazari zinazokutana na za kunyooka huuzuia usijisokote, na ukingo wa nje huundwa kwa vipande vinne vya milimita 1.5 vilivyolowekwa maji ya uvuguvugu, vikakunjwa kuzunguka kalibu (umbo la kukunjia) ya plaiwudi na kugandishwa kwa gundi nyeupe. Ukikauka, ukingo huo ni mwepesi na haurudi kunyooka. Hapo ndipo mbao zenu za milimita 1.5 zilipotuangusha zaidi. Niliomba zile zenye mistari mirefu ya nyuzi, zinazokubali kukunjwa hadi kuwa kama bomba. Mlileta zenye madoa yanayometa, zilizopasuliwa kutoka kiini kwenda gandani. Hizo ni ngumu kupinda. Zinafaa sana kwa mbavu za bawa, si kwa ukingo wa mviringo. Tuliloweka vipande vinane. Saba vilikatika kwenye kona, ta! ta!, vijana wakitazama.

Mbao mbili nzito za milimita 3 nitabaki nazo, kwa kuwa zinafaa kwa mhimili wa bawa, na fedha zake sizidai. Saba ambazo hazijaguswa pamoja na tano za milimita 1.5 nitazirudisha kwa basi. Naomba mnibadilishie hizo zote, pamoja na ule wa milimita 3 na ule wa milimita 1.5 tuliokwisha kuukata, na mrudishe gharama ya usafiri. Naomba pia kila ubao upimwe kabla ya kutumwa na gramu zake ziandikwe kwa kalamu ubavuni. Hiyo ni kazi ya nusu dakika.

Mvua huanza hapa mwezi Novemba, na uwanja tunaorushia hugeuka tope. Nahitaji mbao kabla ya tarehe 10 Oktoba. Nimeambatanisha risiti na picha za mizani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa glaida,
Tabora.