Kwa binti yangu, kabla hujanunua bastola

Ngare Nanyuki,
Arusha.

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha za milima ya Wasatch, hiyo ya huko kwenu Utah, Marekani, tumeziona. Mama yako amezionyesha kanisani kwa kila aliyekubali kusimama. Sisi ni wazima, mvua zimenyesha vizuri, mahindi yamesimama.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza kwa simu nikakuomba muda. Ulisema wenzako kazini wamekushauri ununue bastola ya kubeba unapokwenda kupanda milima, kwamba hapo jimboni Utah ni halali na kila mwenye akili anabeba. Sikutaka kulijibu juu juu. Nimekaa nikazisoma sheria zenyewe, siku hizi zote ziko mtandaoni, na nilichokisoma kimenifanya nikuandikie barua nzima.

Wenzako hawakukudanganya. Tangu Mei 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 ambaye sheria haimkatazi kuwa na silaha anaweza kubeba bastola Utah bila kibali, hata ikiwa imefichwa chini ya koti. Na ukiingia hifadhi za taifa kama Zion, Arches au Canyonlands, sheria ya kubeba inayotumika ni ya jimbo ambamo hifadhi imo. Zamani haikuwa hivyo. Silaha ndani ya hifadhi za Marekani ilitakiwa iwe haina risasi na imefungiwa mbali na mkono. Mwaka 2009 Seneta Tom Coburn wa Oklahoma alichomeka kifungu cha silaha ndani ya muswada uliohusu kadi za mikopo ya benki, Rais Obama akausaini muswada wote, na kuanzia tarehe 22 Februari 2010 mambo yakageuka. Mimi niliyekula mshahara wa hifadhi karibu maisha yangu yote nilishangaa kwamba jambo zito namna hiyo lilipitia mlango wa kadi za benki, lakini ndiyo sheria yao.

Ila sikiliza vizuri kilichoruhusiwa. Kilichoruhusiwa ni kuwa na silaha na kuibeba. Kufyatua risasi ndani ya hifadhi ya taifa bado ni kosa kwa kanuni za hifadhi, isipokuwa zile sehemu chache ambako uwindaji unaruhusiwa. Ukifyatua kujiokoa, utajieleza baadaye kwa askari, pengine kwa hakimu. Na majengo ya serikali kuu hayamo kwenye ruhusa hiyo. Kituo cha wageni, ofisi ya askari wa hifadhi, kila mlango wenye lile tangazo la kukataza silaha, ukiingia nayo kuuliza ramani tu umefanya kosa linaloweza kukufunga hadi mwaka mmoja. Hapo utaiacha wapi? Kwenye gari, kwenye maegesho ambako wezi wanajua wenye magari wamepanda mlimani na hawatarudi mpaka jioni.

Halafu kuna mipaka ya majimbo, na hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Ulisema unataka kwenda Dinosaur National Monument, ile hifadhi ya mifupa ya dinosaria. Nimeitazama kwenye ramani. Ile mifupa ya kale iko upande wa Utah, lakini makorongo mengi yako Colorado, na Colorado inadai kibali kwa bastola iliyofichwa mwilini. Huko njiani hakuna geti, hakuna mtu wa kukwambia sasa umevuka. Bastola ileile, chini ya koti lilelile, asubuhi ilikuwa halali na saa sita mchana ni kosa. California nayo haivitambui vibali vya majimbo mengine hata kimoja.

Mwenzako kazini, aliyezaliwa huko, akikosea hivyo atatafuta wakili, atalipa faini, pengine atasumbuliwa mwaka mzima, kisha maisha yataendelea. Wewe una grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, bado si raia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni aliyetiwa hatiani, wakati wowote baada ya kuingia nchini, kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta pa kupumulia. Haisemi awe amemdhuru mtu, wala haisemi liwe kosa kubwa, na sheria ya jimbo nayo inahesabika. Tulifunga na kusali kwa bahati nasibu ile ya viza, tuliuza shamba la chini kwa ajili ya nauli yako, na sasa una kazi na umebakiza muda si mrefu uombe uraia. Nakuomba usiyaweke hayo yote kwenye mstari ambao hata hauonekani msituni.

Na yule rafiki yako wa Kisumu mnayepanda naye, kama bado yuko kwa viza ya mwanafunzi, hali yake ni ngumu kuliko yako. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuwa na silaha. Mwenye viza ya muda, sheria ya serikali kuu inamkataza silaha na hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Sasa fikiria mmechoka kwenye mwinuko, mmebadilishana mabegi kama mnavyofanya kila mara, na bastola yako iko ndani ya begi alilolibeba yeye. Anaweza kuhesabiwa kuwa amekuwa na silaha kinyume cha sheria. Mambo ya namna hii hutokea kwa wema tu, watu wakisaidiana mizigo.

Najua ulitegemea baba aseme nunua, kwa sababu umekua ukiniona pale Momella, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na bunduki begani. Kwa hiyo nikueleze ile bunduki ilikuwa ya nini, maana sijawahi kukueleza sawasawa.

Wageni hawapandi Mlima Meru peke yao. Mbele yao hutembea askari mwenye bunduki, kwa sababu msitu ule una nyati na tembo, na nyati wa msituni humsikii mpaka umeshamkaribia. Silaha tuliisaini asubuhi kwenye ghala na risasi zikahesabiwa, tukairudisha na risasi zikahesabiwa tena. Kazi yenyewe, saa zote, ilikuwa kusoma: upepo unatoka wapi, kinyesi hiki ni cha leo au cha jana, mbona ndege wameruka pale ghafla. Ukisoma vizuri unawasimamisha wageni, mnarudi nyuma polepole, mnasubiri mnyama apite, na wao wanadhani mmepumzika tu. Ikibidi, risasi ya kwanza ilikwenda hewani kumtisha. Siku silaha inapohitajika kweli, inahitajika ndani ya muda usiotosha hata kuita jina la mtu. Mkono unaoweza kufanya hivyo hauji na silaha dukani. Tulipelekwa mafunzoni, tukarudishwa tena na tena, tukapigishwa shabaha tukiwa tunahema, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Na ile ilikuwa bunduki ya mtutu mrefu, yenye risasi ya kuangusha nyati, mikononi mwa mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo. Bastola ni ngumu zaidi kulenga kuliko bunduki, na mikono inayotetemeka inaipotosha kwa urahisi. Wewe utakuwa umechoka, umevaa glavu, silaha iko chini ya mkanda wa begi.

Kwa wanyama wa huko, nunua ile dawa ya pilipili ya kupulizia dubu. Utah ina dubu weusi na puma, yule paka mkubwa wa milimani, na wale moose wa Wasatch, paa wakubwa kama farasi, ambao watu huwadharau kwa sababu wanakula majani. Dubu wa grizzly, ambaye ni dubu wa kahawia, utamkuta ukienda hifadhi za Yellowstone au Grand Teton. Kuna mtafiti, Tom Smith, wa chuo kikuu cha Brigham Young pale Provo, jirani yako kabisa. Yeye na wenzake walikusanya matukio ya Alaska. Mwaka 2008 walichapisha kwamba dawa hiyo ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92 ya matukio, na kati ya watu waliokuwa nayo walipokutana na dubu kwa karibu, asilimia 98 hawakujeruhiwa. Mwaka 2012 wakachapisha kuhusu silaha za moto. Bastola zilifaulu kwa asilimia 84, si haba, na sitaki kukuficha hilo. Lakini walipolinganisha waliofyatua na waliokuwa na silaha wasifyatue, hawakuona tofauti ya maana katika nani aliumia na nani alisalimika. Silaha ile inataka mtu mwenye ujuzi na nafasi ya kulenga. Pilipili inatoka kama wingu, na wingu halihitaji shabaha kali.

Iweke kiunoni au kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si ndani ya begi. Dubu akikujia, anza kupuliza akiwa kati ya mita 9 na 18. Usiisafirishe kwa ndege, hata kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi, na ukifika hifadhi ya Yosemite, California, jua kwamba pale hata hiyo pilipili wameikataza. Yellowstone kaeni mita 91 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, mita 23 kutoka kwa wanyama wengine, nyati wao wakiwemo. Mtembee watatu au zaidi, mkiongea. Puma ukimwona usikimbie wala usimpe kisogo. Simama, panua koti, mpigie kelele, na akikurukia pigana naye.

Najua pia kwamba si wanyama unaowaogopa zaidi. Ulilisema kwa sauti ya chini, nikalisikia. Mwanamke peke yake njiani, na mwanamume nyuma yake anayepunguza mwendo kila anapopunguza yeye. Woga huo ni wa kweli na siwezi kuufuta nikiwa huku. Nenda na wenzako. Mwachie mtu jina la njia na saa ya kurudi. Nunua kile kifaa kidogo cha setilaiti kinachotuma ujumbe pasipo na mtandao, nitachangia, usibishe. Ukimwona mtu roho yako ikakataa, geuza, hata kama kilele kimebaki hatua chache. Mimi nimegeuza watu waliolipa maelfu ya dola.

Na tusisahau kinachoua watu kweli kwenye hifadhi zile: ajali za magari, kuzama majini, kuanguka. Septemba 2015 maji ya ghafla yaliwachukua watu saba ndani ya korongo la Keyhole, hapo hapo Zion. Kabla ya kuingia korongo lolote uliza hali ya hewa ya siku hiyo, hata ya mbali, maana mvua hunyesha kwingine na maji yakaja mlipo.

Kuna jingine ambalo sitalizungusha. Wewe ni mweusi. Julai 2016, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa akiwa garini. Alikuwa raia, ana kibali cha silaha, akamwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Polisi akampiga risasi, akafa, mwenzi wake na mtoto mdogo wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia yule polisi. Askari wa hifadhi huko wana mamlaka ya polisi. Ukisimamishwa na una bastola, sheria inaweza kuwa upande wako na bado nikapigiwa simu usiku.

Na usiku ule wa baridi yako ya kwanza, ulipolia mpaka kifurushi kikaisha, sijausahau. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani wamejiua wenyewe. Nakuamini, mwanangu. Lakini wewe unaishi peke yako, majira ya baridi ni marefu, na ningelala vizuri zaidi chumba kile kikiwa hakina silaha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni usinunue, angalau mpaka uraia utoke. Wewe ni mtu mzima, na baada ya hapo uamuzi ni wako. Siku ukiamua, chukua mafunzo marefu, si ya alasiri moja, na ufanye mazoezi kila mwezi. Chukua kibali cha Utah hata kama sheria haikulazimishi, na ujue majimbo gani yanakitambua. Nunua kasha la chuma lenye kufuli, la nyumbani na la gari. Na kabla ya kila safari soma sheria ya jimbo unakokwenda, kwa sababu majimbo mengine, kama North Carolina na Alaska, yanakutaka umwambie polisi mwenyewe kwamba umebeba silaha iliyofichwa.

Nijibu kwa maandishi, si kwa simu, nataka kuona umefikiria. Niandikie pia majina ya njia mtakazopita Yellowstone mwezi wa sita, niziangalie kwenye ramani, na uniambie kile kifaa cha setilaiti kinauzwa kiasi gani. Mama yako anakusalimu sana, na anasema lile koti la njano livae, linaonekana kwa mbali.

Ni mimi, baba yako.